Injini ya Peugeot 504 Bado Inanigomea

Injini ya Peugeot 504 ninayoisuka upya nyumbani, ile ya cc 1,971, imenirudisha nyuma tena. Slivu zake, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji, na kila moja hukalia ringi nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Ringi nilizouziwa kuwa ndizo halisi zilikuwa na unene pungufu, hivyo slivu zikakaa chini ya uso wa bloku na gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kifuniko chake cha juu) ikashindwa kuzibana. Nilipochomoa stiki ya oili, nilikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Inaniuma sana, maana krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa imeshachongwa vizuri na beringi mpya zimekaa barabara. Hedi nimeifungua, oili yote nimeimwaga, na sasa natafuta ringi za unene sahihi.