Pale alipofungwa bendeji

Jioni hii nimetazama na mpwa wangu picha za zamani za marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, ambamo Mtanzania John Stephen Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda.

Wengi husimulia mwisho huo. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hajitenganishi na simu, aliuliza jambo jingine:
"Mjomba, alipoanguka akaumia goti, wakamfunga bendeji, kwa nini hakuishia palepale?"

Nilikosa jibu, tukazirudisha picha nyuma, tukautazama mguu ule uliofungwa na jinsi anavyoukanyagia kwa tahadhari.

Kwangu mimi, ukweli wa hadithi hii umo katika dakika ile ya barabarani, ambapo medali ilikuwa imekwishaponyoka na, kwa kuwa wakimbiaji 18 kati ya 75 walioanza hawakumaliza, hakuna ambaye angemlaumu kwa kuacha.

Uwanjani alipigiwa makofi. Barabarani alikuwa na goti lake tu.

Ndugu zangu, katika hadithi za ujasiri mnazozipenda, ni wapi hasa mhusika angeweza kuacha bila kulaumiwa?