Nani kakwambia umpe Mungu tarehe?

Bwana asifiwe wapendwa. Nisiwafiche, wiki hii nimelala vibaya sana. Kuna kazi naisubiri tangu Januari, na kuna mtu kaniambia nikitoa kitu kidogo jina langu linapita, nikajisemea moyoni, Bwana nakupa mpaka Ijumaa, ukinyamaza natuma hiyo hela.

Halafu nikakumbuka habari za Sveaborg, ile ngome ya visiwani mbele ya mji wa Helsinki, enzi Ufini iko chini ya Sweden. 1808 Warusi wakaizingira. Ndani kuna askari kama 7,000, mizinga zaidi ya 700, kuta za mawe zilizoanza kujengwa 1748, na kamanda wao Carl Olof Cronstedt alishawapiga Warusi haohao baharini kule Svensksund 1790, kwa hiyo usiseme alikuwa mwoga. Ila jenerali wa Kirusi, van Suchtelen, hakuhangaika sana na kuta, alihangaika na masikio, habari mbaya zikaachiwa ziingie ndani mpaka mioyo ikalegea. Aprili Cronstedt akakubali mapatano, kwamba meli kubwa tano za Sweden zisipofika kabla ya tarehe 3 Mei anaikabidhi ngome. Na bahari bado ina barafu! Zingepita wapi? Siku ikafika, akakabidhi. Mwaka uliofuata Sweden ikaipoteza Ufini yote.

Mpendwa, hiyo tarehe alikubaliana na adui! Hapo ndipo nilipolia. Ijumaa yangu mimi sikuipata kwenye maombi, niliipata kwenye simu ya yule mtu. Hezekia naye alizingirwa, amiri wa Ashuru akapiga kelele chini ya ukuta watu wote wasikie, lakini watu walinyamaza wasimjibu neno, na barua ya vitisho mfalme akaenda kuikunjua mbele za Bwana, hakukaa mezani kupanga siku. Na sisi tuache basi, mtu kutwa nzima anasikiliza voisi za kukatisha tamaa kwenye magrupu, usiku anaomba dakika tano huku anasinzia, kisha anasema Mungu kanyamaza. Umemsikiliza saa ngapi? Nyamazisha hiyo simu dada yangu, kaka yangu, ikunjue hiyo barua mbele zake leo.

Jana usiku nimempigia yule mtu nikamwambia sitoi. Kazi sijapata. Mniombee sana Ijumaa, najijua, akipiga tena nitatetemeka.