Muunganisho wa TCP uliokuwa ukikatwa usiku: jinsi nilivyotatua

Jana nimelala usingizi wa maana baada ya wiki mbili, kwa hiyo acha niandike kabla sijasahau.

Programu yetu ya stoo huzungumza na seva kwa muunganisho mmoja wa TCP unaobaki wazi siku nzima. Mchana, kazi zikiwa nyingi, shwari. Usiku, ombi la kwanza baada ya ukimya linarudi na ECONNRESET, yaani kosa la kusema muunganisho umekatwa ghafla. La pili linapita kama hakuna kilichotokea.

Nilibadilisha kebo, nikaongeza memori, nikawasha seva upya. Wapi!

Nikaendesha tcpdump, programu ya kunasa paketi za mtandao, pande zote mbili: kwa mteja (mashine yenye programu ya stoo) na kwa seva. Kwa mteja, RST (paketi ya kukata muunganisho) inaingia ikiwa na anwani ya seva. Kwa seva, hakuna RST iliyotoka. Kilichonifumbua macho ni TTL, namba inayopungua kwa moja kila paketi ipitapo ruta: paketi za kawaida za seva zilifika na 61, ile RST ikafika na 63. Ilitoka jirani! Katikati palikuwa na kisawazisha mzigo (load balancer, kinachogawa maombi kwa seva), nacho husahau muunganisho uliokaa kimya sekunde 350.

Linux, isipoguswa, hungoja sekunde 7200 kabla ya kutuma keepalive ya kwanza, yaani paketi ndogo ya kuuliza kama upande wa pili bado upo. Nikashusha net.ipv4.tcp_keepalive_time hadi 120. Usiku uleule ikakatika tena, nusura nilie. Kumbe mpangilio huo hausaidii soketi (ncha ya muunganisho ndani ya programu) isiyowashiwa chaguo la SO_KEEPALIVE. Nikaongeza mstari mmoja tu kwenye kodi ya Python:

sock.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_KEEPALIVE, 1)

Kisha hakikisha kwa amri ya ss -to, inayoorodhesha miunganisho ya TCP na vipima muda vyake. Ukiona timer:(keepalive, imekubali. Kwangu leo ni siku ya nne, kimya.