Yule "Mfaransa" wetu alikuwa seremala wa wapi?

Nyumbani kwetu Bagamoyo kuna randa ya mbao ya zamani mno, chuma chake kimeliwa na kutu mpaka kimebaki kama jani, na bibi hataki mtu aiguse. Anasema ni ya babu wa mama yake, "yule Mfaransa, fundi wa misheni". Basi sisi wajukuu tumekua tunatamba mtaani kwamba tuna damu ya kizungu, japo mwenye sura hiyo kwetu hata mmoja hayupo, tukibanwa tunasema iliishia njiani haha.

Mwaka huu nikasema ngoja nimtafute huyu mzee. Nikaanzia pale pale misheni, maana Wafaransa walifungua ile misheni 1868, Padre Horner na wenzake, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa na karakana za kufundishia kazi. Nikazunguka makaburini, nikasoma misalaba yote, mapadre na mabruda wengi wamekufa vijana kabisa, homa hiyo. Jina letu hakuna. Niko njiani narudi chini ya ile miembe ndo akili ikanijia, we mjinga, bruda haoi! Huyu mwenye wajukuu alikuwa fundi wa kawaida tu.

Haya, nikahamia Ufaransa kwenye simu. Wengi wa wale watu walitoka Alsace, jimbo la mpakani na Ujerumani, Horner mwenyewe wa huko, na Alsace ilichukuliwa na Wajerumani 1871 ikarudi Ufaransa baada ya vita ya kwanza, kwa hiyo rejista nyingine za Kifaransa nyingine za Kijerumani, nimekesha wiki mbili, bando zimeisha, macho yameuma, patupu.

Kilichonitoa ni kitu kidogo. Misheni haikuja moja kwa moja kutoka Ulaya, ilianzia Unguja 1860, na waliokuja mwaka ule walitoka Réunion, kile kisiwa cha Wafaransa huko karibu na Morisi. Rejista za Réunion zipo kwenye intaneti, zimewekwa na hifadhi ya nyaraka za makoloni iliyoko Aix-en-Provence, Ufaransa, bure kabisa. Na Wafaransa kwa kuandika nawavulia kofia: mtoto akizaliwa baba anaenda kutoa taarifa ndani ya siku 3 na mashahidi, kila mtu anaandikwa umri, makazi na KAZI. Hapo nikaacha kufuata jina, maana jina letu limeandikwa kwa kusikia sikia tu, nikafuata kazi. Neno ni menuisier, seremala wa milango na makabati. Fundi wa mapaa anaitwa charpentier, huyo nilikuwa namruka.

Nikapata baba menuisier, jina ukilitamka kwa mdomo wa hapa kwetu linakuwa lile lile la bibi, na mtoto wa kiume umri unaendana. Sijasema ndiye. Ila pembeni ya jina la baba kuna neno affranchi, yaani mtumwa aliyeachwa huru. Utumwa Réunion ulifutwa 20 Desemba 1848, watu kama 60,000 wakapewa majina ya ukoo kwa mara ya kwanza. Nikakaa kimya kidogo. Kwa sababu watumwa wa visiwa vile wengine walitoka pwani hii hii, mwaka 1776 Mfaransa mmoja anaitwa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka.

Nikaenda kwa bibi, nikamwambia bibi, inawezekana yule Mfaransa wetu alikuwa mweusi kama sisi. Akaendelea kuchambua mchicha wake wala hakushtuka.

"Kwani mume wangu, mimi nilikwambia mzungu? Nilisema Mfaransa."

Nikamuuliza mbona miaka yote unatuacha tunajitapa mtaani. Akasema mlikuwa mnafurahi.

Sasa natafuta rejista za walioachwa huru za 1848, ziko peke yake. Ila jana nimemwomba nipige picha ile randa kwa karibu, kuna herufi mbili zimechongwa ubavuni, ya kwanza inasomeka, ya pili imelika nusu.