Mtungi ndani ya buti

Leo asubuhi nilipanda teksi kutoka Ubungo kwenda Kariakoo nikiwa na gunia la mchele, na dereva alipofungua buti nikakuta mtungi mkubwa wa chuma umelala humo, nafasi iliyobaki haitoshi hata kikapu.

"Samahani dada, buti ndiyo tangi siku hizi," akasema. Gunia likakaa kiti cha nyuma kama abiria.

Gari lake huwaka kwa petroli, kisha injini ikishapata joto huhamia kwenye gesi asilia iliyoshindiliwa ndani ya mtungi huo, gesi ambayo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo tangu mwaka 2004. Petroli yetu, kwa upande wake, yote huja kwa meli kutoka nje.

Kilichonikaa moyoni ni foleni.

Kituo cha gesi tulichopita kilikuwa na msururu wa bajaji na magari madogo uliofika hadi barabara kuu, na baadhi ya madereva walikuwa wamelala, milango wazi, miguu nje. Dereva wangu jana alisubiri kwa saa tatu. Hata hivyo, habari ya kurudi kwenye petroli hataki kuisikia.

Wenzangu mliofunga mfumo wa gesi, mnasubiri muda gani, na mizigo mnaiweka wapi?