Barua kwa Wageni wa Mkomani

Mei 2024 kusi ilikuwa imeshika, na kama ilivyo kila mwaka msimu huo, nyumba nyingi za wageni Lamu zilikuwa zimefunga milango. Ndio wakati wa kupaka chokaa na kukaza vitanda. Bi Mkubwa mmoja mwenye nyumba mtaa wa Mkomani alikuwa na kazi nyingine tena: anwani za barua pepe elfu mbili na kitu, za watu waliowahi kulala kwake. Barua yao ya mwisho ilikuwa ya Machi 2020, ya kuwaarifu kwamba Kenya inasimamisha ndege za abiria kutoka nje kuanzia tarehe 25 na kwamba malipo yao ya awali yatarudishwa. Tangu hapo, kimya.

Aliniita nimsaidie, akataka tuwaandikie wote siku moja na kuwatangazia punguzo la msimu wa kaskazi. Nilimkatalia. Orodha iliyokaa miaka minne haina wageni tu. Anwani za kazini hufa mtu anapohama kazi. Google nao, tangu Desemba 2023, wameanza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Anwani nyingine zilizokufa hufufuliwa na makampuni ya barua kuwa mitego: hazina mtu nyuma yake, na anayeziandikia anajitambulisha kuwa hasafishi orodha yake. Lakini wabaya zaidi ni walio hai waliokusahau. Hawa hubonyeza kitufe cha barua taka bila kusoma, na wakibonyeza wachache tu, hata yule mgeni anayekungoja kwa hamu barua yako haitamfikia.

Kabla ya kuandika neno, tulikagua vitambulisho vya domeni, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yake. Kuanzia Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF, orodha ya mitambo inayoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni, au DKIM, sahihi ya kidijitali ndani ya barua. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote mbili, pamoja na DMARC, agizo la nini kifanyike barua isipopita ukaguzi huo, na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Sisi tulikuwa wadogo, lakini niliweka zote. Kwenye rekodi za DNS, daftari la mtandaoni la domeni, nilikuta SPF mbili, moja ya huduma ya zamani ya kutuma barua na moja ya huduma mpya. Hapo ndipo wengi hukwama: domeni inaruhusiwa SPF moja tu, na zikiwa mbili ukaguzi mzima unafeli. Unaziunganisha ziwe mstari mmoja, au unafuta isiyotumika. DMARC tuliianza na p=none, ili kutazama kwanza bila kuzuia chochote. Nikajitumia barua ya majaribio, nikafungua maandishi yake asili, yanayoonyesha ilivyokaguliwa, na kutafuta spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass, yaani imepita. Zote zilipoonekana, tukaenda kwenye orodha.

Kazi kubwa ilikuwa huko. Nusu ya anwani zilinakiliwa kutoka kitabu cha wageni, kwa hati za mikono ya kila namna: gmial, yaho, nukta zilizopotea. Zilizojirudia zikatoka, na za ofisi zinazoanza na info zikatoka. Kisha nikadai faili ambayo hakuna aliyeikumbuka, ya watu waliojiondoa zamani. Huduma ya zamani ilikuwa imeihifadhi peke yake, na mtu akihamisha orodha bila faili hiyo, anawaandikia tena wale wale waliomwambia basi. Baada ya hapo tukafika kwa walioacha anwani kwa ajili ya risiti tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara, na hawa hawakuwahi kuitoa. Nao wakatoka.

“Mwanangu, huyu amekula pilau kwangu wiki nzima!” Bi Mkubwa akalalama kwa jina moja.

“Pilau alikula, Bi Mkubwa. Barua hakuomba.”

Rasimu yake ya barua ilikuwa na picha saba na punguzo juu kabisa. Tulibakiza picha moja, na maandishi tukayaweka mafupi, maana HTML ya barua, yaani maandishi na maagizo ya mpangilio wake bila picha, ikizidi kilobaiti 102 Gmail huikata, na kinachokatwa ni mwisho wake, mahali watu wanapoweka kiungo cha kujiondoa. Chetu tulikipandisha juu. Mstari wa kwanza ulitaja nyumba, mtaa na namna tulivyoipata anwani. Kimya tulikieleza kwa sentensi moja bila kulialia. Kisha swali: bado ungependa barua zetu? Atakayetaka abofye, au ajibu kwa mkono wake. Anwani ya kujibia ilikuwa ya Bi Mkubwa mwenyewe, na punguzo halikuwemo.

Tulianza na wageni wa 2019 na mwanzo wa 2020, hamsini hamsini, tukisubiri siku nzima kati ya fungu na fungu. Barua ikirudi na namba 550 5.1.1, akaunti haipo. Anwani inafutwa hapo hapo. Ikirudi na namba inayoanza na 4, ni tatizo la muda, iache ijaribiwe tena. Kiwango changu cha kusimama ni zinazorudi kupita asilimia 2. Google wanataka malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, ila katika fungu la watu hamsini lalamiko moja tu tayari ni asilimia 2, kwa hiyo nilihesabu watu badala ya asilimia. Waliofungua barua sikuwahesabu kabisa: tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaitazama. Mibofyo na majibu ndiyo hesabu.

Mafungu ya mwanzo yalijibiwa vizuri, wengine wakiuliza bei ya Desemba bila kusubiri punguzo. Tulipofika wageni wa 2016 barua zikaanza kurudi kwa wingi, nikasimamisha hapo na wa nyuma yao tukawaacha. Walionyamaza tuliwaandikia mara moja tu tena, baada ya siku kumi, kwa kichwa kipya cha barua, tukiwaambia kwamba bila jibu tunawafuta. Tukawafuta kweli. Bi Mkubwa aliitazama orodha iliyobaki, haifiki robo ya ile ya kwanza, akaguna, kisha akapanga barua moja kila miezi miwili.

Halafu akafungua tena kitabu cha wageni, akanionyesha safu ya namba za simu. “Na hawa tuwaingize WhatsApp?”

Nikamwambia na hao nao waulizwe kwanza.