Kabla ya Kuilaumu Difu

Gari la 4x4 lenye umri likigonga "kong" kila unapoingiza gia, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena, lawama huiangukia difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Mara nyingi inaonewa. Mchezo, yaani ulegevu, wa njia nzima ya nguvu hujumlika: kidogo kwenye giaboksi, kidogo kwenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), kwenye krosi (viungo vinavyojikunja) za propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, kwenye meno ya shafti za magurudumu, hadi kwenye fleji (sahani za kufungia bolti) za magurudumu. Kwa hiyo pima kiungo kimoja kimoja kabla ya kufungua chochote.

Egesha penye usawa, zima injini, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono usiitegemee. Kwenye 4x4 nyingi za zamani ngoma yake iko nyuma ya transfa, hivyo inashika propela na siyo gurudumu. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu la upande wa pili libingirike, na gari linaondoka wewe ukiwa uvunguni.

Kipimo cha kwanza hakihitaji jeki. Magurudumu yote yawe chini, gia nyutro, na kabari zikishakaa imara achia breki ya mkono. Chora chaki kwenye fleji ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), pale propela inapofungwa, na alama nyingine kwenye nyumba ya difu mkabala nayo. Zungusha propela kwa mkono, kushoto hadi igote, kulia hadi igote, kisha pima kwa rula alama imehama kiasi gani. Kwenye fleji yenye kipenyo cha milimita 100, kila milimita ni zaidi kidogo ya digrii moja.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Nafasi kati ya meno ya krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni kwa kawaida hupangwa milimita 0.13 hadi 0.20, kiasi ambacho kwenye ukingo wa fleji hakifiki hata milimita moja. Ukiona alama imehama milimita 8, usikimbilie krauni. Mchezo wa upande wa magurudumu unaongezeka ukifika kwenye pinioni: difu ya uwiano wa 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 krauni ikizunguka mara moja, inageuza digrii 2 za ulegevu wa shafti za pande zote mbili kuwa digrii 8 hivi za propela. Washa (pete bapa) za gia ndogo za ndani ya difu zikilika, nazo zinachangia.

Kwa ekseli ambazo shafti inaishia kwenye fleji iliyofungwa kwa bolti nje ya habu (kitovu cha gurudumu), ng'oa kifuniko kidogo cha katikati. Chora mstari mmoja wa chaki unaovuka ncha ya shafti na fleji, halafu mtu mwingine azungushe propela huku na huku. Shafti ikitangulia na fleji ikichelewa, meno yamelika. Ukibahatika, ni ya fleji tu, na kuibadilisha ni kazi nyepesi kuliko kushusha difu. Kagua na meno ya shafti yenyewe, maana fleji mpya juu ya shafti iliyolika haidumu.

Krosi ishike kwa mikono miwili kwenye uma zake, yaani mikono ya chuma inayoishika pande zote mbili, mmoja huku na mwingine kule, uzipindue kinyume. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake maana yake grisi ilikwisha zamani. Krosi iliyokauka inaweza isicheze kabisa, ila ukishusha propela na kuikunja utasikia inakwama katikati. Usisahau kuweka alama kabla ya kushusha, ili uma zirudi zilivyokuwa. Zikikaa vibaya gari litatetemeka.

Kisha sukuma fleji ya pinioni juu na chini. Ikitikisika, beringi zimelegea, na hapo difu ina kesi kweli, hasa kama inavuma ukikanyaga mafuta. Kukaza nati peke yake si tiba: kwenye difu zenye kola ya kusagika (bomba fupi kati ya beringi linalobonyea nati ikikazwa), ukipitiliza kidogo unazibana beringi mpaka ziungue.

Malizia kwa oili, na anza kwa kulegeza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na difu kavu. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi, na difu hiyo ifunguliwe.